Kilimo cha Mjini Mtwara na Chakula cha Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara: kwenye vikao vya mtaa, magengeni, na kwa watu walionunua kiwanja Mangamba, Mbae au Naliendele wakakuta mkorosho umesimama palepale walipopanga kujenga sebule. Majibu yanahusu zaidi Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na Lindi inatajwa pale mambo yanapotofautiana. Si lazima usome kwa mfuatano. Jibu moja likihitaji jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya msingi

Kwani Mtwara mjini kuna wakulima?

Wapo wengi, ila hawajitambulishi hivyo. Muulize mama mwenye matuta ya mchicha bondeni kazi yake, atakwambia anauza mboga. Mwalimu mwenye mihogo kwenye kiwanja chake ambacho hajakijenga atasema yeye ni mwalimu. Kuna minazi Mikindani, kuku kwenye nyua za Chikongola na Magomeni, na mikorosho inayoanza pale nyumba zinapopungua.

Nafasi hiyo ina historia. Mtwara ya leo ilichorwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Waliochora walitarajia mji mkubwa: barabara pana, bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa mapema miaka ya 1960, na mji ukabaki na ardhi nyingi kuliko watu. Watu wakailima. Kwa hiyo kilimo cha mjini hapa hakikuletwa na mradi wala semina.

Usalama wa chakula maana yake ni ghala kujaa?

Ghala ni sehemu moja tu. Chakula kiwepo, mtu awe na uwezo wa kukipata, mwili ukitumie vizuri, na hali hiyo isiyumbe kila msimu. Sokoni kunaweza kujaa unga na bado kukawa na nyumba inayolala na uji mtupu kwa sababu fedha haipo.

Mji unakua kwa kasi gani hasa?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ya 2022 ikahesabu 146,772. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi ndani ya miaka 10. Katikati hapo limepita bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lililokamilika 2015, kimekuja kiwanda cha saruji, na bandari imepanuliwa. Kila kimoja kilileta wapangaji, kisha wajenzi, kisha madalali wa viwanja. Madalali pengine walifika kwanza.

Chakula tunachokula Mtwara kinatoka wapi?

Inategemea kina haraka gani ya kuoza. Mahindi mengi hushuka kutoka Songea kwa barabara ya Tunduru na Masasi. Mchele hutoka Kitere na bonde la Mto Ruvuma, mwingine huja kutoka mikoa mingine. Kabichi na viazi mviringo husafiri kutoka nyanda za juu. Muhogo, kunde, mbaazi, choroko na njugu mawe hutoka wilaya zetu wenyewe. Samaki ni wa bahari yetu.

Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde ni habari nyingine. Hivyo haviwezi kukaa siku mbili juu ya lori. Vinachumwa alfajiri, vinafungwa mafungu, vinanyunyiziwa maji na kuzungushwa mitaani kwa beseni kabla jua halijawa kali. Mchana fungu hilohilo limenyauka na bei imeanguka. Mboga za majani zinataka shamba la karibu, kwa baiskeli au kwa miguu. Shikilia jambo hilo, maana majibu mengi hapa chini yanasimama juu yake.

## Mji unapopanuka

Mashamba ya mjini yakiisha, mji utalala njaa?

Hapana, si kwa unga. Unga utaendelea kuja na lori. Anayesema bustani za Mtwara zinalisha mji mzima anatia chumvi. Tutakachopoteza ni vitu vitatu, na vyote ni vigumu kuvirudisha.

Cha kwanza ni mboga yenyewe, na mboga ni lishe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 nchini ni asilimia 30, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ndiyo huitwa ghala la taifa. Mahindi tele, watoto wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, lakini sahani ya ugali peke yake haimkuzi mtoto, awe Makete kule Njombe au Ligula hapa Mtwara.

Cha pili ni fedha ya kila siku. Hela ya korosho huja kwa msimu, minada ikianza Oktoba, na nyumba nyingi za mjini haziioni kabisa. Tuta la mchicha huvunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusia mbegu, na fedha yake hununua unga, sabuni na daftari. Kwa mwanamke asiye na ajira wala kiwanja cha urithi, hiyo ndiyo kazi isiyoomba cheti.

Cha tatu ni kinga wakati mambo yanapoharibika. Swali linalofuata linahusu hilo.

Barabara si ipo? Kwa nini tuogope?

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa 2003, kusini ilipumua. Lakini barabara ni moja, na mvua zinaijua. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na malori na mabasi yakakwama kwa siku kadhaa. Njia ya Songea ilikuwepo, ila ni mzunguko mrefu, na mzunguko mrefu hulipwa na mnunuzi wa mwisho.

Siku kama hizo muhogo wa uani na matembele ya bondeni huwa na thamani ambayo haionekani kwenye hesabu ya kawaida. Hali hiyohiyo, kwa taratibu zaidi, hutokea karibu kila Januari hadi Machi: akiba ya mwaka jana imekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, bei imepanda. Mwenye muhogo ardhini anachimba. Asiye nao ananunua kwa kipimo cha jirani.

Mji unakula shamba la aina gani kwanza?

Mabonde na mikorosho ya pembezoni.

Bonde linaanza kuliwa na kifusi. Mtu anamwaga lori mbili za mchanga, anasimamisha banda, kesho yake jirani anafuata. Maji yaliyokuwa yakikaa pale na kulainisha matuta sasa yanatafuta mlango wa nyumba. Baada ya mwaka mmoja au miwili bustani haipo, na mtaa wa juu umeanza kulalamika mafuriko.

Mkorosho unaliwa na bikoni. Mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ambayo ni kama miti 28 kwa ekari. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinameza nafasi ya karibu miti mitatu. Ukipita Naliendele utaiona hesabu hiyo kwa macho: zege dogo lenye namba limechomoza kwenye majani makavu, hatua chache kutoka kwenye shina, na upande wa pili kisiki kibichi. Chini ya miti hiyo ndipo ilipokuwa ikilimwa mihogo na kunde, kwa hiyo mti ukiondoka chakula nacho kinaondoka, ingawa kwenye daftari linahesabiwa zao la biashara tu.

Mkulima si anauza kwa hiari yake? Tatizo liko wapi?

Kuuza ni haki yake, na wengine wamejenga na kusomesha kwa fedha hizo. Tatizo ni kwamba fedha huja mara moja, na shamba lilikuwa likilisha kila mwaka. Wengi huuza ekari kwa bei ya shamba, na dalali huikatakata na kuiuza kwa bei ya viwanja. Kama ni lazima kuuza, uza baada ya kupima, na bakiza kipande.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kutia saini. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua mwenzi wa ndoa aliyechangia kwa nguvu zake kuiendeleza ardhi, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Mke aliyelima pale miaka yote si mpita njia. Pili, kwa Wamakonde na Wamwera ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno. Kesi nyingi za mashamba ya pembezoni huanza na mpwa aliyeuza bila kumwambia mjomba.

Nikihamishia shamba nje, Nanguruwe au Kitere, si nitapata eneo kubwa zaidi?

Utapata, na kwa muhogo, ufuta au mpunga ni uamuzi mzuri. Kwa mboga za majani piga hesabu ya nauli kwanza. Bodaboda ya kwenda na kurudi kila alfajiri inaweza kula faida ya beseni zima, na shamba usilolitembelea kila siku linatembelewa na wengine.

## Ardhi na sheria

Inaruhusiwa kulima ndani ya manispaa?

Inaruhusiwa kwa masharti. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 ziliruhusu mtu mmoja kulima hadi ekari 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi 4 wa ndani, wasiozurura. Juu ya hapo kila halmashauri ina sheria zake ndogo, na nyingi hukataza mazao marefu kama mahindi na mtama katikati ya makazi kwa hoja ya usalama. Kabla ya kupanda karibu na barabara au ofisi, muulize mtendaji wa mtaa. Kufyekewa mahindi yaliyokwisha kubeba kunauma.

Kijiji chetu kimeingizwa mjini. Shamba langu bado ni langu?

Haki yako ya kimila haifutiki kwa mchoro wa ramani. Kinachobadilika ni msimamizi. Kijiji kilisimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kikishakuwa mitaa, ardhi inaingia kwenye ardhi ya jumla chini ya Kamishna, na eneo likitangazwa la mipango miji huwezi tena kubadili matumizi kwa kikao cha kijiji. Kusanya mapema kila karatasi uliyonayo na mashahidi wa mipaka wangali hai.

Lindi jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu Manispaa ya Lindi iliongezewa kata za iliyokuwa Lindi Vijijini. Ndani ya mipaka yake kuna maeneo ambayo ukiyatazama ni shamba tupu. Kuitwa mkazi wa manispaa hakumfanyi mtu aache kuwa mkulima.

Eneo likitwaliwa kwa mradi, fidia inahesabu nini?

Kanuni za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya ardhi, maendelezo yaliyopo, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi kwa miezi 36, na faida iliyopotea pale inapostahili. Mazao ya kudumu kama minazi, mikorosho na miembe yanahesabiwa mti kwa mti kulingana na umri na hali yake. Mazao ya msimu kwa kawaida unapewa nafasi ya kuvuna. Miti ya kupandwa usiku wa kuamkia uthamini mthamini anaijua.

Kuchelewa ndiko kunakoumiza zaidi. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia ukipita miaka 2 bila malipo unapitwa na wakati na lazima ufanywe upya. Likong'o, Lindi, ambako zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa mradi wa gesi asilia, wakazi walianza kulipwa 2020 baada ya kusubiri miaka. Ukiambiwa "usiendeleze", uliza kwa maandishi: hadi lini? Mtu aliyezuiwa kupanda muhogo kwa miaka mitatu amepoteza chakula cha miaka mitatu, hata kama hundi inakuja.

Nalima kiwanja cha mtu ambacho hajakijenga. Niko salama?

Uko salama kadiri mlivyoelewana. Wenye viwanja huogopa kwamba mlimaji atadai ardhi, na hofu hiyo ndiyo inayoacha viwanja vizuri vikiota nyasi na kuficha nyoka. Sheria ya ukomo inaweka miaka 12 ya kudai ardhi, lakini mtu aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kuigeuza ruhusa kuwa umiliki. Andikianeni karatasi moja mbele ya mjumbe: nalima kwa ruhusa, mazao ya muda mfupi tu, nitaondoka kwa taarifa ya miezi kadhaa. Usipande mnazi wala mwembe.

Bonde lenye maji naruhusiwa kulima hadi ukingoni?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazohatarisha ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au ufuko. Mwandishi wa majibu haya anaona ajabu moja tu: mama wa matuta huambiwa mita 60 haraka kuliko mwenye kifusi. Sheria ni ileile kwa wote wawili.

## Kulima ndani ya mji wenyewe

Nina ua mdogo tu. Nipande nini?

Matembele kwanza. Yanapandwa kwa vipande vya shina, hayana gharama ya mbegu, na unachuma bila kung'oa. Mchicha wa pili. Kwenye viroba, changanya madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi iliyooza, weka nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, na toboa ubavuni upande chinese au spinachi. Ndoo mbovu na matairi yanafaa vilevile.

Udongo wetu ni kichanga. Mbolea inapotea. Nifanyeje?

Ni kweli, pwani yetu maji na mbolea hupita kama kwenye chekecheke. Dawa ni samadi na majani yaliyooza, mara nyingi na kidogokidogo, badala ya mbolea ya mfuko kumwagwa mara moja. Kinyesi cha kuku kibichi kinaunguza mizizi. Kirundike na pumba au majani kioze kwanza. Funika tuta kwa nyasi. Mwagilia asubuhi na jioni kwa keni, maji machache kila safari.

Kisima changu cha Shangani kina chumvi. Naweza kumwagilia?

Onja, kisha tazama tuta likikauka: ukiona ukungu mweupe juu ya udongo, chumvi inajikusanya. Spinachi huvumilia kiasi, mnazi huvumilia sana, maharage na baadhi ya mboga laini havivumilii. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba na uyatumie kusuuza udongo.

Kuku wa uani wanakufa wote kwa mkupuo. Ni nini?

Mara nyingi ni mdondo, unaoitwa pia kideri. Hauna tiba. Una chanjo ya matone ya jicho, rahisi, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Shirikianeni majirani kwa sababu chupa moja hutosha kuku wengi, na kuku wa jirani asiyechanja ndiye atakayewamaliza.

Mihogo na mahindi si huleta mbu?

Mmea wenyewe hauzai mbu. Maji yaliyosimama ndiyo yanayozaa. Dimbwi la kumwagilia, ndoo isiyofunikwa, tairi lililokaa na maji ya mvua. Kwa mkoa ulioteseka na malaria na matende, hili si la kupuuza, lakini kufyeka muhogo na kuacha mtaro umeziba ni kazi bure.

## Maswali yenye utata

Jirani anapulizia mikorosho salfa. Mboga zangu bado zinalika?

Swali la kusini hili. Salfa ya unga hupulizwa kuanzia karibu Juni dhidi ya ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, alfajiri wakati upepo umetulia. Zamani mikorosho ilikuwa mbali na nyumba. Sasa nyumba zimeifuata, na wingu la njano linaingia dirishani.

Mboga iliyopata vumbi ioshe kwa maji mengi zaidi ya mara moja, na ikiwezekana acha siku kadhaa kabla ya kuchuma. Funika kisima na ndoo. Mwenye pumu na mtoto mchanga waondolewe asubuhi hiyo. Mwombe jirani akuarifu jana yake. Lakini uliza anapuliza nini hasa, kwa maana siku hizi kuna viuatilifu vya maji pia, na hivyo vina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Salfa ikizidi miaka kwa miaka huufanya udongo kuwa mchachu, kwa hiyo tuta chini ya mkorosho unaopulizwa huchoka mapema.

Ming'oko inaingiaje kwenye habari ya mji?

Kwa sababu haipandwi. Ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa na kuuzwa kwa chumvi na pilipili mitaani Mtwara na Lindi. Mgeni huiona kitafunwa. Wazee wanaikumbuka kama chakula cha mwaka mbaya. Pori linapokatwa viwanja, hakuna mthamini anayeihesabu, kwa kuwa haina mwenyewe. Mchimbaji anasogea mbali zaidi, na fungu linazidi kuwa dogo kwa bei ileile.

Mihogo yangu imeoza ndani, nje ni mizima. Nikaushe makopa?

Huo huenda ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Sehemu iliyooza itupe. Usichukue vijiti vya mbegu kwenye shamba hilo, hata kwenye shina linaloonekana zima. Na kama muhogo ni mchungu, usifupishe siku za kuloweka na kukausha kwa sababu ya njaa. Sumu yake haitoki kwa haraka.

Tukijenga ghorofa badala ya kutambaa, mashamba yatapona?

Yatapona zaidi kuliko sasa, ila Mtwara watu wanataka nyumba ya chini yenye ua. Kilicho karibu ni kuingiza mabonde kwenye mchoro wa mipango miji kama eneo la kilimo na njia ya maji kabla ya kupima viwanja. Michoro hutangazwa ili wananchi watoe maoni, na mara nyingi wanaojitokeza ni wenye viwanja, si wenye matuta.

Mbegu na ushauri napata wapi?

Una bahati ya kuishi jirani na kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, kinachoshughulika na korosho, muhogo, karanga na ufuta. Uliza hapo vijiti safi vya muhogo na miche. Kwa mboga na kuku anza na afisa ugani wa kata. Agosti, viwanja vya Ngongo, Lindi, huwa na maonyesho ya Nane Nane ya kanda ya kusini. Nenda siku za mwanzo, wataalamu wakiwa bado na muda wa kuzungumza na mtu mmoja mmoja.